Kukamua Ndizi Bila Tone la Maji

Mpe asiyejua ndizi mbivu azikamue, atapata uji. Ndizi haikamuliki kama chungwa, kwa kuwa sukari yake imo ndani ya rojo zito linalonata. Lakini kwenye vilima vya Rubavu, juu ya mji wa Gisenyi, watengeneza urwagwa, pombe ya ndizi ya Rwanda, hulitoa rojo hilo maji mepesi, bila mashine. Anayetaka kupata ethanoli kutokana na matunda angeanza kwa kuwatazama hawa.

Kazi huanzia shimoni. Ndizi za pombe, kama intuntu, hukatwa zikiwa pevu lakini bado mbichi, zikavundikwa katika urwina, shimo lililotandikwa majani ya mgomba, likatiwa joto na kufunikwa udongo. Ndizi mbichi imejaa wanga, na chachu haili wanga. Joto, pamoja na gesi ya ethilini inayotoka kwenye ndizi zenyewe, huamsha vimeng'enya vya tunda, na baada ya siku chache sehemu kubwa ya wanga imekuwa sukari. Viwanda vya ethanoli ya mahindi hununua vimeng'enya vifanye kazi hiyohiyo. Hapa fundi huminya ndizi kwa kidole tu akajua kama imefika. Ikipitiliza, kukamua kunakuwa taabu.

Kisha huja nyasi. Ndizi zilizomenywa huwekwa katika umuvure, hori la gogo lililochongwa, zikachanganywa na nyasi ziitwazo ishinge, ndipo zikandwe kwa mikono au zikanyagwe kwa miguu. Mwanzoni ni bonge zito. Mkandaji hana haraka; hukanda, hugeuza, hukanda tena, mpaka bonge linakatika na maji yanaanza kuchuruzika. Siri imo katika tanini, ule ukakasi wa ndizi za pombe, ambayo hushikamana na protini za tunda na kuacha maji yajitenge. Ndizi za kupika, zenye tanini chache, hazikubali.

Maji hayo, umutobe, huchujwa, hutiwa unga wa mtama uliokaangwa na kufunikwa. Chachu hula sukari, ikatoa ethanoli na hewa ya kaboni. Kilo 100 za ndizi zenye sukari asilimia 20 zingeweza kutoa, kwa hesabu ya kemia, lita 13 hivi za ethanoli, ingawa shambani hupungua.

Kutoka urwagwa hadi mafuta ya gari kumebaki kukeneka. Kukeneka kwa kawaida hukomea karibu asilimia 95. Maji yaliyosalia huondolewa kwa njia nyingine kabla ya kuchanganya na petroli. Kukeneka huko hula moto mwingi, na Gisenyi si mgeni wa suala hilo: tangu 1963 methani ya Ziwa Kivu ilichemshia mitambo ya kiwanda cha bia cha Bralirwa.

Umutobe wenyewe ni kinywaji na kipato cha nyumba. Kuugeuza mafuta ni hasara. Kinachofaa ni machicha yanayobaki horini, ambayo bado yana sukari, pamoja na ndizi zinazoharibika sokoni. Mwenye mtaji akija Rubavu kwa kazi hiyo, aajiri kwanza wakandaji, na awalipe kama mafundi.