TFC zetu za jenie sivile: hesabu safi, betoni ya nani?

Kwa wale tuko nao hapa wenye wanamaliza jenie sivile mwaka huu, andiko hili ni lenu kwanza. Wengine msome pia, ju nyote mnalala ndani ya nyumba.

Fungua TFC yoyote ya ujenzi. Sura ya kwanza utakuta mashua ya Lambot ya mwaka 1848 na vyungu vya maua vya Monier, yule aliyepata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1867. Sura ya pili ni eneo la mradi, pamoja na mipaka ya komini. Sura ya tatu ni hesabu: uzito unashuka toka dali mpaka boriti, toka boriti mpaka nguzo, toka nguzo mpaka fondasio. Kisha devi, hitimisho, na mapendekezo kwa Serikali. Nimesoma nyingi za namna hiyo, na sitasema kwamba ni kazi mbaya. Sura ya hesabu mara nyingi iko safi kuliko ile inayotoka kwenye ofisi za watu wazima. Vijana wanajua Robot, wanajua Cype, wanaweza kukutolea michoro ya momenti ya nyumba ya etaje tano kwa usiku mmoja, kama umeme upo.

Shida yangu iko kwenye mstari mmoja, na mstari huo unakaa karibu katika kila kazi: fc28 = 25 MPa. Maana yake, betoni ya mradi huu ikifikisha siku 28 itavumilia kubanwa mpaka megapaskali 25 kabla ya kupasuka. Nani amesema? Hakuna betoni iliyovunjwa kwenye mashine. Hakuna mchanga uliopimwa. Mstari umetoka kwenye TFC ya mkubwa, naye aliutoa kwa mkubwa wake, na ukifuata njia hiyo mpaka mwisho utafika kwenye kitabu cha mazoezi cha Ufaransa. Kurasa themanini za hesabu zinasimama juu ya namba yenye hakuna mtu aliigusa kwa mkono.

Tuchukue nguzo moja, 30 kwa 30, tuweke vyuma pembeni ili hesabu iwe nyepesi. Kwa BAEL, betoni ya 25 MPa unaihesabia 0,85 mara 25, gawanya kwa 1,5: karibu 14,2 MPa. Zidisha kwa sentimita 900 za mraba, unapata karibu kilonyutoni 1.275. Sasa weka betoni ya 15 MPa, ile inayoweza kutoka kwenye shantiye ambako hakuna mtu anapima kitu. Unapata 8,5 MPa, na nguzo ileile inabakia na kilonyutoni 765. Hizo tani 50 zilizopotea, programu haikuziona. Iliamini mstari wako.

Zinapotelea wapi? Kwa mayi. Duff Abrams alionyesha kule Chicago, mwaka 1918, kwamba nguvu ya betoni inafuata kipimo cha mayi kwa simenti. Mfuko wa kilo 50 ukiupa litri 25, kipimo ni 0,5. Ukiupa litri 40 ni 0,8, na nguvu inaweza kushuka karibu nusu. Lakini betoni yenye mayi mengi inamwagika vizuri, na mikono haichoki. Kila mtu aliyefanya staje anajua maneno ya shantiye: “Injenia, ongeza mayi, hii iko kavu sana.” Ukikataa, fundi anakuangalia na huruma: “Weye unajua bitabu, miye najua betoni.” Na mze mwenye nyumba atamwamini nani? Yule mwenye amejenga nyumba kumi. Jibu la kumpa fundi yule ni namba iliyopimwa kwenye mchanga wake mwenyewe, na namba hiyo TFC haina.

Goma inaongeza jambo lingine. Mawe na changarawe za huku ni za volkano, nyingi ziko na matundu. Zinakunywa mayi. Mwanafunzi anafuata njia ya Dreux-Gorisse kwa uaminifu, na vipimo vya jedwali vilivyotokana na mawe ya Ufaransa, kisha anaandika kwamba metre kibe moja inahitaji kilo 350 za simenti, ni kusema mifuko 7. Hesabu haina kosa. Ila kokoto yake ikikauka juani tangu asubuhi itavuta sehemu ya mayi aliyoandika, betoni itakuwa ngumu kukoroga, na fundi ataongeza jeriken. Hapo ndipo kuna TFC nzima: kokoto ya Nyiragongo inakunywa mayi kiasi gani ndani ya nusu saa, ikiwa kavu, na ikiwa ililoweshwa jana yake? Kazi hiyo inahitaji ndoo, mizani na saa.

Halafu tetemeko. Siku ya mungu tarehe 3 Februari 2008, ardhi ilitikisika Bukavu na ng'ambo ya Ruzizi, ukubwa 5,9. Watu walikufa pande zote mbili. Mwaka 2021, baada ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22 Mei, Goma ilitetemeka siku kwa siku na watu wakahama. Wengi wetu tulisikia kuta zikilia. Pamoja na hayo, bado unakuta TFC ya nyumba ya etaje nne mjini Goma yenye inahesabu uzito wa dali na upepo, halafu inafunga kazi kwa kusema mradi umefuata BAEL 91. BAEL haihesabu tetemeko! Wafaransa wenyewe walikuwa na kanuni nyingine kwa ajili hiyo, PS 92, na tangu mwaka 2010 wameiacha BAEL na kuingia katika Eurocode, ambamo namba 8 ndiyo ya matetemeko. Tumeshika kitabu kimoja kati ya viwili, na kile tulichoacha ndicho kinahusu ardhi yetu zaidi. Ikiwa kukosa ramani ya tetemeko ya mtaa wako ndiyo kunakuzuia, chagua nguvu mbili ao tatu za mtikisiko, hesabu nyumba ileile kwa kila moja, na uonyeshe ni nguzo gani inakatika kwanza. Juri itajifunza kitu.

Kwenye mambo ya enerji ndiko ninachoka kabisa. Siku hizi “nyumba inayookoa enerji” ni kichwa kinachopendwa, na kinasikika vizuri kwenye mwaliko wa kutetea kazi. Ndani unakuta sheria ya Ufaransa RE2020, na kuta zenye pamba ya kioo, kama vile tunangojea teluji. Goma iko karibu metre 1.500 juu ya bahari. Mchana jua linapiga bati, chumba kinakuwa tanuru. Usiku bati ileile inaachilia joto lote na watoto wanatetemeka. Adui anajulikana, ni bati tupu. Chuma chembamba chini ya nusu milimita hakizuii kitu: kwa hesabu ya kawaida, joto linalotoka usiku ni karibu wati 7 kwa kila metre ya mraba na kila digrii ya tofauti. Weka plafoni ya tripleksi na nafasi ya hewa juu yake, unashuka karibu na 3. Huo si utaalamu wa mbali. Unaweza kuufanya kwa kalamu.

Na si jambo la raha tu. Usiku wa baridi kuna jamaa zinaingiza mbabula ndani ya chumba, zinafunga mlango na dirisha, na moshi usioonekana unafanya kazi yake. Plafoni inaingia kwenye hesabu hiyo pia. Sijaona TFC hata moja ambamo mtu ametundika termometre tatu, moja chini ya bati, moja chini ya plafoni, moja nje kwenye kivuli, na kuandika saa kwa saa muda wa wiki mbili. Ningeisoma kwa furaha kuliko RE2020 nzima.

Wengine watasema kwamba mambo ya Ulaya ndiyo ya kisasa. Basi tuvuke mpaka tu. Hospitali ya Butaro, kaskazini mwa Rwanda, ilifunguliwa mwaka 2011. Waliichora MASS Design Group, na kuta zake zimejengwa kwa mawe ya volkano ya Virunga, yaliyochongwa na mafundi wa pale pale. Vyumba vya wagonjwa vimepangwa ili hewa ipite toka upande mmoja mpaka mwingine, ju hewa iliyosimama ndiyo inabeba ugonjwa wa kifua. Ni jamaa moja na mawe tunayokanyaga Goma kila siku. Huku jiwe lile tunalipeleka kwenye fondasio na ukuta wa lupango, halafu kwa nyumba yenyewe tunatafuta bloki za simenti, simenti ambayo sehemu kubwa inatoka Uganda ao Rwanda kwa malori. Upande wa Bukavu na Butembo ni matofali ya kuchoma, na kila tanuru ni miti. Tofali la udongo lililobanwa kwa mashine ya mkono, na simenti kidogo, asilimia 5 mpaka 10, halihitaji moto. Mashine ya namna hiyo, CINVA-Ram, ilibuniwa Kolombia miaka ya 1950. Mafundi wa kuchomelea chuma wa kwetu wanaweza kuitengeneza.

Najua jibu: “Labo iko wapi?” Ni kweli, mashine ya kuvunja betoni haiko kila iniversite, na pale ilipo wanaomba malipo. Lakini kona ya Abrams, ile ya kupima ulaini wa betoni mbichi, ni bati iliyokunjwa: sentimita 10 juu, 20 chini, urefu 30. Fundi wa kuchomelea anaimaliza asubuhi moja. Ukiibeba kwenye shantiye tatu za mji, ukaandika kila mchanganyiko ulishuka sentimita ngapi na mayi mangapi yaliingia, tayari unajua jambo ambalo hakuna kitabu cha Paris kinalijua. Changa pesa na wenzako wanne kwa ajili ya kuvunja vipande kumi na tano, mgawane matokeo, na kila mmoja aandike TFC yake juu yake. Walimu wanaoongoza kazi wangeweza kupanga hivyo tangu Oktoba. Hawapangi, na hilo si kosa la mwanafunzi.

Juri nayo iko na sehemu yake. Nimekaa kwenye utetezi ambapo dakika ishirini zilipita juu ya nafasi za pembeni za ukurasa na namna ya kuandika majina ya waandishi. Mtu hakuuliza mchanga ulitoka ziwani ao mlimani. Kijana alipata distenksio, tukapiga picha.

Ya udongo wa Bukavu sijayagusa hapa, zile nyumba za Kadutu na za mitelemko mingine zinazoshuka pamoja na kilima mvua zikikaza. Kule betoni inaweza kuwa na 25 yake kamili na nyumba ikaondoka nayo. Hiyo inataka andiko la mtu mwenye ameshika udongo ule, na kati yenu yuko.