Posa Kabla ya Msiba: Kumsoma Tena Binyavanga Wainaina

Mwaka 2018, mwandishi Mkenya Binyavanga Wainaina alitangaza kwamba ameposa na amekubaliwa. Harusi ingefungwa Afrika Kusini mwaka uliofuata. Mchumba wake alikuwa mwanamume. Wakati huo kiharusi kilichompata 2015 kilikuwa tayari kimemdhoofisha. Alifariki Nairobi tarehe 21 Mei 2019, akiwa na miaka 48.

Nilipoketi nyumbani Gasenyi kuandika uhakiki huu, rasimu yangu ya kwanza ilianza na ugonjwa na kuishia na kifo. Kisha nikarudia insha yake mashuhuri ya 2005, How to Write About Africa. Humo anawakejeli wanaoiandika Afrika kana kwamba ni nchi moja ya njaa na vita. Miongoni mwa mambo anayodai, kwa kinaya, kuwa ni mwiko kuyaandika ni mapenzi baina ya Waafrika, isipokuwa pawe na kifo ndani yake. Nikaona haya. Rasimu yangu ilikuwa imefanya vivyo hivyo.

Hoja yangu ni kwamba kinaya hicho kinatupima hata sisi wahakiki. Tukimtaja tu kama mgonjwa aliyependa jioni ya maisha yake, tunayahurumia mapenzi yake badala ya kuyasoma. Tangazo lake halikuwa la kuaga, bali la mtu anayepanga harusi na makazi.

Msomaji anaweza kunipinga: je, maandishi yake ya Januari 2014, ambamo alijitambulisha hadharani kuwa shoga, hayaanzii kando ya kitanda cha mama anayekufa? Ni kweli. Lakini mazungumzo yale ni ya kubuni. Mama yake alifariki mwaka 2000 bila kuambiwa. Kifo pale hakipo ili kututoa machozi, kipo kuonyesha gharama ya kuchelewa kusema. Nadhani ndiyo sababu mwaka 2018 hakungoja apone kwanza.

Baadhi ya wenzangu watasema mada hii haituhusu, maana tangu 2009 sheria ya Burundi inaharamisha mapenzi ya jinsia moja. Nawajibu kwamba mhakiki si hakimu. Kazi yake ni kusoma kilichoandikwa chote, na akiruka ukurasa amesoma nusu. Ndiyo maana insha hii nimeianza na posa, si na mazishi.