Mali ya Ndoa: Tumechunga Nini, Tumetupa Nini?

Watu wengi wa kwetu, hata wale waliosoma sana, wanasema kama desturi ilikuwa inamulinda bibi zamani, mbele sheria ya Leta haijafika. Neno hilo tunalikubali nusu.

Kweli, mali haikuwa bei ya mutu. Ilitolewa mbele ya mashahidi wa pande mbili, na mashahidi wale walikuwa na kazi hata kiisha arusi. Bibi akipigwa, njia yake ilijulikana: kurudi kwa baba yake. Bwana alipashwa kumufuata, kukaa chini mbele ya wakwe, kutaja makosa yake na kulipa mbuzi. Haya ile ilikuwa azabu, juu wakwe walikuwa karibu na waliendelea kumuangalia.

Leo mbuzi ingali iko, pombe nayo iko. Lakini ule mukutano umegeuka kikao cha kumurudisha bibi. Swali la kwanza haliko tena kwa bwana; wanamuuliza binti: «Ulimukosea nini?» Na wajomba wanahesabu kimyakimya: ndoa ikivunjika, watu wale wataomba mali yao, na ile mali ilisha kumuolea kaka yake. Ubaya umejificha hapo. Kitu kilichokuwa ushahidi kimekuwa deni, na deni lenyewe linalipwa na mugongo wa binti. Mu muji, pahali wakwe wako mbali safari ya siku nyingi, hata mbuzi haionekani.

Sheria nayo? Sheria ya Jamaa ya 1987 ilimuamuru bibi amutii bwana, tena asijifunge kwa kazi ya mikono yake bila ruhusa ya bwana. Sasa mutu wa namna ile angetoa wapi feza ya kukimbia? Ruhusa hiyo iliondolewa na sheria ya tarehe 15 Julai 2016, na tunashukuru. Hata hivyo bwana alibaki kichwa cha nyumba. Na bibi akienda ku tribinali kuomba talaka, muzuzi anapashwa kwanza kujaribu kuwapatanisha. Kwa ugomvi mudogo ni vizuri. Kwa mwanamuke aliyevunjwa mukono, ni kikao cha wajomba mara ya pili, tofauti ni kanzu ya muzuzi tu.

Wenye kusema «mambo ya nyumba yabaki mu nyumba» wasome kifungu cha 14 cha Katiba ya 2006: Leta inapashwa kupiganisha ujeuri juu ya wanawake hata mu maisha ya ndani.

Sisi hatuombi mali ifutwe. Tunaomba jambo moja: siku ya kuitoa, wazee wa pande mbili waseme mbele ya mashahidi kama mali haitadaiwa ikiwa binti amekimbia juu ya fimbo. Na waliandike. Ile karatasi tunaita fakitire inataja mpaka bilanketi ya mama mukwe na koti ya mujomba. Nafasi ya mustari mumoja haiwezi kukosa.