Solo ya roki na noti mbili zilizolala

Mpiga solo wa roki akitaka kuhamia fyusheni, yaani roki iliyofunga ndoa na jazi, kosa lake la kwanza huwa kuongeza mbio. Vidole vinakimbia, muziki unabaki palepale.

Jeff Beck wa Uingereza, aliyetoka bendi ya roki ya Yardbirds, hakupita njia hiyo. Katika Blow by Blow, albamu yake ya ala ya mwaka 1975, kuna wimbo wa Stevie Wonder uitwao Cause We've Ended as Lovers. Humo Beck anagusa uzi sauti ikiwa imefungwa, kisha anaifungua taratibu kwa kitufe cha gitaa. Noti inaingia kama pumzi. Kilichobadilika ni namna ya kuichagua noti na kuileta.

Tuchukue kodi mbili za gitaa, A minor seven na D seven, kila moja baa mbili. Kwa wanakwaya, do iwe G. Mpiga roki atazunguka kwenye noti tano: re, fa, so, la, do. Hakosei, lakini kodi ikibadilika yeye hana habari. Noti mbili, mi na ti, zimelala. Mpiga fyusheni anaziamsha. Kodi ya kwanza ina re, fa, la, do. Ya pili ina so, ti, re, fa. Kwa hiyo D seven inapoingia, do inashuka hatua moja tu ya gitaa na kuwa ti, huku fa ikibaki ilipo. Hapo msikilizaji anasikia kodi ikigeuka hata kama besi na kinanda vimenyamaza.

Jambo la pili ni mkwaruzo wa ampu. Mpiga roki huuzidisha kwa sababu kodi zake mara nyingi zina noti mbili tu, kama do na so, ambazo huvumilia. Ukiweka noti nne kwenye mkwaruzo uleule, zinagongana na kuwa uji. Punguza mkwaruzo kwanza, ndipo ti yako isikike.

La tatu ni mdundo, na hapa kijana wa Bariadi, Maswa au Itilima ana akiba nyumbani. Bugobogobo, ngoma ya Wasukuma iliyotoka kwenye vikundi vya kulima, inamtaka mchezaji arushe jembe na kulidaka bila kupoteza mdundo. Huo ndio uwezo unaotafutwa: kuachia kitu hewani ukijua kitatua wapi. Sunburst, bendi iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1970, ilichanganya roki na midundo ya nyumbani, na mwaka 1976 ikatoa albamu ya Ave Africa. Mlango huo ulifunguliwa zamani.

Basi jioni ya leo rekodi ngoma kwenye simu, dakika tano. Juu yake piga noti moja tu, ukiianza baada ya pigo la kwanza, si pamoja nalo. Ukishatulia, ongeza zile kodi mbili na ushuke kutoka do hadi ti pale zinapobadilika. Mbio ziache kwanza. Mtu asiyejua gitaa akikuambia amesikia wimbo ukigeuka, umeshahama.