Kumkaribisha Mgeni Mezani

Kati ya mafundi wa maneno ninaowaheshimu, yuko mmoja asiyesifiwa vya kutosha: yule anayeongoza mchezo wa kuigiza mezani, na kumfanya mtu ambaye hajawahi kuucheza ajione yuko kwao.

Mchezo wenyewe hauna makuu. Watu wachache wanaizunguka meza. Mmoja anasimulia: mko wapi, mnaona nini, nani anabisha hodi. Kila mmoja wa waliobaki ana mhusika wake, na husema mhusika huyo anatenda nini. Jambo likiwa na shaka, dadu zinarushwa ziamue. Gary Gygax na Dave Arneson waliutoa Dungeons & Dragons nchini Marekani mwaka 1974, na tangu hapo vitabu vya kanuni vimezidi kunenepa. Mgeni akivitazama hudhani ndivyo vinavyomtisha. Kumbe kinachomkaba koo ni kuona haya: atasemaje maneno ya mtu mwingine, wenzake wakimkodolea macho?

Dawa ya haya hiyo ilijulikana mashariki ya Kongo zamani. Wanyanga wana utendi wa Mwindo, ambao Daniel Biebuyck aliunakili mwaka 1956 kutoka kinywani mwa Candi Rureke, kisha akauchapisha pamoja na Kahombo Mateene mwaka 1969. Mwindo ni mtoto ambaye baba yake, mtemi Shemwindo, hakutaka kupata mwana wa kiume. Akafungiwa ndani ya ngoma na kutupwa mtoni. Mtambaji anayesimulia habari hizo hushika kayamba, hucheza, hujitia katika nafsi ya Mwindo mwenyewe. Pembeni yake vijana hugonga kijiti kutunza mdundo na kuitikia viitikio, na miongoni mwao yumo anayejifunza utendi mzima. Hakuna anayemsukuma kijana huyo asimame leo auimbe wote. Anaanza kwa kuutunza mdundo na kuitikia, na kwa kufanya hivyo hadithi inamwingia mwilini. Kazi yake ni ndogo, lakini akiiacha, utendi unalegea. Hapo ndipo ufundi ulipo: mpe mgeni kazi ndogo ambayo wenzake wanaihitaji kwelikweli.

Chukua meza iliyoandaliwa Yangambi, kando ya mto Kongo. Mwongozaji mwenye busara ataziacha ngome za Ulaya na majoka yatemayo moto. Atauweka mkasa katika kituo cha utafiti wa kilimo kilichoanzishwa mwaka 1933, ndani ya nyumba ya mimea iliyokaushwa, yenye sampuli zaidi ya 100,000. Ni usiku, umeme umekatika, na jani moja la mti adimu limetoweka. Mgeni ndiye mtunza funguo. Akiulizwa tu, “Unafanya nini?” atapotea, kwani swali hilo ni pana kama mto Kongo wenyewe. Basi anaulizwa: “Mama, funguo unazo mkononi, na nyuma ya mlango kuna mtu anakohoa. Unafungua, au unazima tochi kwanza?” Njia ni mbili, na zote zinafaa. Akizima tochi, giza hilo baadaye limwokoe mwenzake. Akishaona neno lake limebadili mambo, anaweza kuulizwa jambo kubwa zaidi: “Nani mwingine ana funguo kama hizi?” Jina atakalolitaja, hata likivuruga mpango wote wa mwongozaji, lipokewe na liingie hadithini.

Kando ya mto huohuo Walokele walipelekeana habari kwa ngoma ya mti. John Carrington, mmisionari aliyeishi kwao, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1949 kwamba ngoma hubeba toni peke yake, na maneno mengi mafupi yana toni zilezile. Kwa hiyo mpigaji hurefusha kila neno kwa fungu la maelezo linalojulikana, ili aliye mbali asibabaike. Mwongozaji mwema ana huruma hiyohiyo. Kabla ya zamu ya mgeni anarudia mahali walipo, aliyepo na hatari iliyopo, kama sehemu ya masimulizi, wala hakuna anayehisi kwamba amesaidiwa. Kanuni nazo anazitoa moja moja, kila moja saa inapohitajika.

Wazoefu wana wajibu wao. Wasimjibie mgeni, na akinyamaza wamwachie nafasi ya kufikiri. Afadhali mmoja wao, kwa kinywa cha mhusika wake, amwombe shauri: “Mama mwenye funguo, tupite wapi?”

Mimi humpima mwongozaji kwa kipimo kimoja: je, kabla mchezo haujaisha, mgeni alimkatiza kauli hata mara moja, akaleta shauri ambalo hakuulizwa? Akifanya hivyo, haya imemtoka na hadithi imekuwa yake. Kufikia hapo kunadai subira na masikio yaliyo wazi kuliko kukariri vitabu vyote vya kanuni. Anayeweza kumfikisha mtu hapo anastahili kuitwa fundi.