Cheti cha gesi Uingereza: sheria inambana nani, na kuanzia siku gani

Mtu wa Afrika Mashariki anayenunua nyumba Uingereza, awe London au Reading, hupewa ushauri wa aina mbili usiopatana. Jirani humwambia kwamba kila nyumba yenye gesi lazima ikaguliwe kila mwaka na itolewe cheti. Mwenzake wa kazini humwambia hayo ni ya wapangishaji tu. Anayeishi kwenye nyumba yake hadaiwi karatasi yoyote. Wote wawili wamekosea, na kosa la huyu wa pili ndilo linaloweza kuua.

Sheria ya gesi ya nchi hiyo haikujengwa juu ya cheti kimoja. Mzigo umegawanywa mara tatu: kuna unaombeba fundi anayegusa bomba, kuna unaofuata kifaa kipya kinachofungwa, na kuna unaomwangukia anayepokea kodi. Mwenye nyumba yule yule anaweza asidaiwe karatasi mwezi huu, na mwezi ujao akadaiwa mbili kwa mpigo bila kujua ni nini kilichobadilika.

Mgawanyo huu una historia. Alfajiri ya tarehe 16 Mei 1968, mpangaji wa ghorofa ya 18 katika jengo la Ronan Point, mashariki mwa London, aliwasha kiberiti achemshe maji ya chai. Gesi ilikuwa imeshajaa ndani. Mlipuko ulisukuma nje kuta za zege, na pembe nzima ya jengo hilo la ghorofa 22 ikaporomoka. Watu wanne walikufa. Mpangaji mwenyewe alipona. Jengo lilikuwa limefunguliwa miezi miwili tu iliyotangulia. Vitabu vya uhandisi vimeandika sana juu ya udhaifu wa viungo vya kuta zile, na ni haki yake. Lakini gesi yenyewe ilivuja kwenye nati iliyounganisha jiko na bomba, nati iliyotengenezwa chini ya kiwango, ikapasuka.

Miaka miwili baadaye, 1970, iliundwa sajili ya mafundi wa gesi iliyoitwa CORGI. Kujiandikisha kulikuwa hiari hadi 1991, ndipo kukawa lazima kwa biashara zote za kazi hiyo. Tarehe 1 Aprili 2009 sajili hiyo iliondolewa kwenye jukumu lake katika England, Wales na Scotland, na nafasi yake ikachukuliwa na Gas Safe Register. Kwa hiyo fundi anayejitambulisha leo kwa kitambulisho cha CORGI peke yake hana ruhusa yoyote ya kugusa gesi yako, hata kama ana uzoefu wa miaka mingi.

Kanuni zinazotumika sasa ni za mwaka 1998. Msingi wake ni kwamba kazi ya gesi ifanywe na mwenye ujuzi, na kwamba yeyote anayeifanya kama mwajiri au kama mtu aliyejiajiri awe kwenye sajili. Hapa pana mwanya ambao watu huupenda. Mwenye nyumba anayefungua boila yake mwenyewe hafanyi biashara, kwa hiyo hoja ya usajili haimgusi moja kwa moja. Wengine huishia hapo na kuchukua spana. Wanasahau kwamba sharti la ujuzi linamhusu kila mtu, analipwa au halipwi, na ujuzi unaotakiwa ni ule unaothibitishwa kwa mafunzo na mitihani ambayo mafundi hurudia kila baada ya miaka mitano. Mamlaka ya afya na usalama kazini, HSE, imesema wazi kwamba mtu kujifanyia kazi ya gesi ni hatari na kuna uwezekano mkubwa kuwa ni kosa la jinai. Rafiki anayekufungia jiko Jumamosi akapokea pauni 40 ameshaingia kwenye biashara, na kama hayumo kwenye sajili amevunja sheria siku hiyo hiyo.

Kazi ya gesi ni ipi basi? Kanuni zinataja kufunga kifaa au bomba, kuunga upya, kutengeneza, kuhudumia, kuhamisha kisichohamishika kwa urahisi, na kuondoa. Kuondoa! Wengi hudhani kung'oa boila mbovu hakuhitaji mtu wa sajili kwa kuwa haitumiki tena, ilhali bomba lililoachwa bila kuzibwa vizuri ndilo linalovuja. Lakini kanuni zile zile zimeacha nafasi moja ya busara: kuchomoa au kuchomeka mpira wa jiko wenye kiungo kinachojifunga chenyewe hakuhesabiwi kuwa kazi ya gesi. Ndiyo maana unaruhusiwa kuvuta jiko la aina hiyo, ukafagia nyuma yake na kulirudisha. Kutoa hewa kwenye radieta au kuongeza maji ya mfumo wa joto pale boila inapoonyesha shinikizo limeshuka pia ni kazi yako, maana hapo unashughulika na maji. Kufungua kifuniko cha boila ni habari nyingine. Katika boila nyingi za kisasa kifuniko hicho ndicho kinachotenga moto na hewa ya chumba, na kikirudishwa vibaya moshi unaweza kuingia ndani.

Sehemu ya pili ya mzigo inakuja na kifaa. Katika England na Wales, boila mpya ikifungwa, iwe nyumba mpya au boila imebadilishwa tu, halmashauri ya eneo lazima ijulishwe chini ya kanuni za ujenzi. Mwenye nyumba hana haja ya kupanga foleni popote. Kampuni iliyofanya kazi huandikisha taarifa kupitia Gas Safe Register ndani ya siku 30, na mwenye nyumba hutumiwa cheti kinachothibitisha kwamba kifaa kimefungwa kwa kufuata kanuni hizo. Scotland ina utaratibu wake wa majengo. Huduma ya kila mwaka ya boila haina taarifa kama hiyo, kwa sababu hakuna kipya kilichofungwa.

Cheti hiki watu hukisahau kwenye droo hadi siku ya kuuza nyumba, mwanasheria wa mnunuzi anapokiulizia. Kikiwa kimepotea, nakala hupatikana kwenye sajili. Kama fundi hakuandikisha kabisa, hapo ndipo tatizo lilipo, na kwa macho ya kanuni za ujenzi anayefuatwa ni mwenye jengo. Anaweza kuiomba halmashauri ikague na kuirasimisha kazi iliyokwisha kufanyika. Wengi huchukua njia ya mkato: wananunua bima inayomkinga mnunuzi na gharama iwapo halmashauri itachukua hatua. Bima hiyo ni halali na mauzo yanaendelea, lakini haijapima hata milibari moja ya gesi. Mnunuzi anayeikubali bila kuita fundi akague boila anaingia nyumba asiyoijua.

Sehemu ya tatu ndiyo inayowakamata watu wetu wengi, nami nitakaa hapa kidogo. Anayepangisha nyumba kwa mkataba usiofikia miaka 7 lazima vifaa vyake vya gesi na mabomba ya moshi vikaguliwe na fundi wa sajili kila baada ya miezi 12. Nakala ya kumbukumbu ya ukaguzi mpangaji aliyemo anapewa ndani ya siku 28, na mpya anapewa kabla hajahamia. Kumbukumbu zinatunzwa angalau miaka 2. Tangu Aprili 2018 ukaguzi unaweza kufanywa hadi miezi miwili kabla ya tarehe yake bila tarehe hiyo kubadilika, kwa hiyo anayesema amekosa muda hana hoja.

Sasa, mpangishaji ni nani? Si tajiri mwenye nyumba tano tu. Sheria haibani mkataba wa nyumba nzima peke yake. Inabana pia ruhusa ya kukaa kwa malipo, na mwongozo wa HSE unataja vyumba vilivyopangishwa ndani ya nyumba ya familia. Mama anayeishi kwake na watoto, akampokea kijana aliyefika kutoka Mombasa au Dar es Salaam, akampa chumba cha juu kwa malipo ya kila mwezi, tangu siku hiyo ni mpangishaji mbele ya kanuni za gesi. Kwamba ni mtoto wa binamu hakubadilishi kitu kama kodi inalipwa. Anayekodisha chumba kwa wageni wa siku chache yumo pia. Wengi wao hawajui, na hakuna barua itakayowajia kuwaambia. Adhabu ni faini isiyo na kikomo au kifungo, na hiyo ni kabla hatujazungumzia maisha ya huyo kijana wa juu.

Na karatasi yenyewe isomwe, isiwekwe tu kwenye faili. Fundi anatakiwa aandike kila kifaa na mahali kilipo, kasoro alizokuta na hatua alizochukua. Ukaguzi unaweza kufanyika kwa haki kabisa na karatasi ikatoka ikisema boila ni hatari. Fundi wa kweli huonekana kwa vipimo vyake. Anafunga gesi, anaunganisha kipimo cha shinikizo, anapandisha hadi karibu milibari 20, anaacha dakika moja itulie na kuangalia dakika mbili kama inashuka. Anapima shinikizo wakati kifaa kinawaka au kiasi cha gesi kinacholiwa, anahakikisha moshi unatoka nje ipasavyo, hewa ya kulisha moto inaingia, na vizuizi vya usalama vinafanya kazi. Aliyeingia jikoni, akaitazama boila, akatia saini na kuondoka wakati chai haijapoa hakufanya ukaguzi.

Hapa ndipo linakuja swali gumu. Mwenye nyumba anayeishi kwake bila mpangaji, asiyefunga kifaa kipya, sheria inamdai nini kila mwaka? Haimdai kitu. Waliotunga kanuni walimlinda mpangaji kwa sababu hana mamlaka juu ya boila ya mwenzake, na wakamwachia mwenye nyumba uamuzi wake. Naielewa hoja hiyo, ila nadhani imeacha pengo. Watoto wa mwenye nyumba hawana mamlaka juu ya boila zaidi ya mpangaji, wala bibi aliyekuja kutoka Tanga kuwatembelea wajukuu.

Hatari kubwa katika nyumba hizo siku hizi ni kaboni monoksidi, kuliko hata mlipuko. Gesi ikikosa hewa ya kutosha haiungui yote, na inayozaliwa haina rangi wala harufu. Ndani ya damu inashikamana na hemoglobini kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 na zaidi. Mtu huumwa kichwa, hupata kizunguzungu na kichefuchefu, akadhani ni mafua, ingawa hana homa. Akitoka nje anapata nafuu, akirudi anazidiwa. Anayetoka nchi ya joto ana kishawishi chake: baridi ya Januari inapopenya kwenye tundu la hewa ukutani, analiziba kwa gazeti au plasta. Katika nyumba yenye moto wa gesi wa zamani unaovuta hewa ya chumba, tundu hilo ndilo lililokuwa likiwaweka hai. Feni kubwa ya jikoni inayonyonya hewa nje nayo inaweza kuurudisha moshi chini. Mwali uliogeuka manjano na masizi kwenye kifaa ni dalili za kuzima na kuita fundi, ingawa kifaa kinaweza kutoa sumu bila dalili hata moja.

Tangu tarehe 1 Oktoba 2022, wapangishaji wa England wanalazimika kuweka king'ora cha kaboni monoksidi katika kila chumba cha kukaa watu chenye kifaa cha kuchoma kilichofungwa, majiko ya gesi yakiondolewa. Mwenye nyumba anayeishi kwake England analazimika pale tu anapofunga kifaa kipya cha namna hiyo. Scotland ilikwenda mbali zaidi mwaka huo huo: king'ora kinatakiwa katika kila makazi yenye kifaa cha aina hiyo, hata kama mwenyewe ndiye anayekaa humo. Kwa maoni yangu Scotland imepatia, na England ilipaswa kufuata.

Fundi akikuta kifaa ambacho ni hatari ya papo hapo, ataomba ruhusa yako akikate na kukibandika onyo kisitumike. Usimbishie. Ukikataa atawaita watu wa dharura wa mtandao wa gesi, na hao wana haki ya kuingia. Tahadhari pia na kitambulisho kabla hujamfungulia mlango: kadi ya Gas Safe ina picha, namba ya leseni na tarehe ya mwisho, na nyuma imeandikwa aina za kazi anazoruhusiwa. Mtu anaweza kuwa na ruhusa ya majiko bila kuwa na ruhusa ya boila, na kazi nje ya orodha hiyo ni sawa na kazi ya asiyesajiliwa. Namba yake huhakikiwa bure kwenye sajili kwa dakika moja.

Kama unapokea kodi ya hata chumba kimoja, tafuta leo kumbukumbu ya ukaguzi wa mwisho na usome tarehe yake. Kama hupokei kodi ya mtu, ita fundi wa sajili mara moja kwa mwaka na ununue king'ora, hata pale ambapo hakuna sheria inayokudai. Na ukinusa gesi, usibonyeze swichi yoyote wala kuwasha moto: funga gesi kwenye mita, fungua madirisha, toa watu nje, kisha piga 0800 111 999. Namba hiyo ni ya bure na inapokelewa saa 24 England, Wales na Scotland.