Fundi wa Kipimo

Muuguzi mzoefu wa kliniki ya afya ya akili huanza kazi kabla mgonjwa hajaketi. Anamtazama anavyoingia. Mikono inabembea anapotembea, au imeganda ubavuni? Anainua miguu, au anaburuza kandambili? Amekuja peke yake mwezi huu, au bado mama yake ndiye anayemtangulia? Zikishapita shikamoo na marahaba, habari za nyumbani na za shamba, muuguzi ameshajua mengi ambayo hayamo kwenye faili. Nimekaa kwenye mabenchi ya kliniki hizi nikimsindikiza ndugu yangu, na kila nikiwatazama watu hawa nazidi kuamini kwamba kumrudisha mtu kwenye afya yake ni ufundi, na ufundi wenyewe ni wa kupima: swali kiasi gani, dawa kiasi gani, maneno kiasi gani.

Kazi ya kwanza ni kuujua ugonjwa. Hakuna damu inayopimwa ikasema huyu ana skizofrenia, yule ana sonona. Maabara husaidia kuondoa mengine: malaria iliyopanda kichwani, kaswende, VVU, matatizo ya tezi ya shingo. Kinachobaki hutafutwa kwa maswali, na hapo ndipo fundi anapojulikana. Mtu akija amenyong'onyea, halali, hali, anajiona hana thamani, ni rahisi kuandika sonona na kumpa dawa yake. Fundi hakimbilii kalamu. Anauliza kwanza: "Kaka, kuna kipindi uliwahi kukaa siku kadhaa bila usingizi na usichoke, unapanga miradi mikubwa, unagawa pesa?" Anamgeukia dada wa mgonjwa amuulize hilohilo, kwa kuwa aliyekuwa katika hali hiyo mara nyingi huikumbuka kama siku zake nzuri. Jibu likiwa ndiyo, huenda ni bipola, na dawa ya sonona ikitolewa peke yake inaweza kumrusha juu tena. Vilevile haogopi kuuliza kama mgonjwa amewahi kufikiria kujiua. Swali hilo halimpandikizii mtu wazo. Mara nyingi humtua mzigo aliokuwa akiubeba peke yake.

Halafu huja dawa. Mwangalie anavyotoa sindano ya flufenazini, ile inayochomwa kila baada ya wiki kadhaa kwa mtu anayesumbuliwa na kumeza vidonge kila siku. Dawa hiyo imo ndani ya mafuta ya ufuta, kwa hiyo bomba na sindano lazima viwe vikavu. Unyevu kidogo tu huifanya iwe na ukungu. Anaivuta ngozi ya kalio pembeni, anachoma hadi ndani ya msuli, anasukuma taratibu maana mafuta ni mazito, anasubiri sekunde kama 10, anachomoa, ndipo anaiachia ngozi. Ngozi inarudi mahali pake na kuiziba njia, dawa haivuji. Muda wote huo anaongea na mgonjwa kuhusu bei ya mahindi.

Baada ya sindano hushika kiwiko cha mgonjwa na kukikunja polepole. Kikikwama na kuachia, kikikwama na kuachia, anajua dawa imeanza kukakamaza misuli, na ipo dawa ya kulegeza. Gumu zaidi ni kumtambua mtu ambaye miguu yake haitulii, anayesimama, anaketi, anasimama tena. Nyumbani watasema ugonjwa umerudi. Asiyejua ataongeza dozi, na mateso yataongezeka. Fundi anauliza kama msukumo huo unatoka miguuni au kwenye mawazo, anaangalia ulianza lini, na mara nyingi ushauri wake kwa daktari ni kuipunguza dawa. Wengi wanaoacha dawa hukimbia maudhi ambayo hakuna aliyewauliza habari zake.

Mazungumzo nayo yana kipimo chake. Zimbabwe, mwaka 2006, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza kuwafundisha mabibi wa mtaa wa Mbare, Harare, kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati. Mpango huo unajulikana kama Friendship Bench, na utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliopitia benchi hilo walipata nafuu zaidi kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Bibi humwacha mtu amwage yote yaliyomjaa moyoni, kisha anamwomba achague tatizo moja, na katika hilo moja, hatua moja anayoiweza wiki hii. Hampi suluhisho lake. Mwenye umri ule na busara ile ana la kusema kwa kila tatizo, na kulizuia hilo la kusema hadi mgonjwa apate lake mwenyewe kunahitaji nidhamu.

Kisha kuna la kufanywa na aliyepitia ugonjwa wenyewe. Katika hospitali ya Butabika, Kampala, watu waliowahi kuugua wamefundishwa kuwasaidia wenzao, na kazi ya namna hiyo imefanyika pia Dar es Salaam. Mwenzako anaweza kukwambia alivyojibu alipoitwa kichaa sokoni, au alivyoweza kurudi kwa mwajiri wake. Daktari anaweza kukuahidi nafuu. Mwenzako huyu unamwona ameipata. Naye hupima: anatoa katika maisha yake kile tu kinachomfaa aliye mbele yake, na akiona dalili zinarudi anamrudisha kliniki.

Mikono hii minne, wa utambuzi, wa dawa, wa mazungumzo na wa aliyepitia, inategemeana. Dawa isipotuliza sauti za kichwani, mgonjwa hawezi kumsikia bibi wa benchini. Asipopata wa kuongea naye, ataiacha dawa. Ndiyo maana naomba tuwahesabu watu hawa tunapohesabu mafundi wa nchi. Wapewe dawa zisizokatika, muda wa kutosha kwa kila mgonjwa, na malipo ya ujuzi wao, wakiwemo walioupata kwa kuugua. Chupa ya flufenazini inaagizwa na kufika. Jicho linalotofautisha ugonjwa na maudhi ya dawa hukomaa kwa miaka, na linapohamishwa au kustaafu bila kumfundisha mwingine, wagonjwa ndio wanaolipa.